Kiwanda Kisicho na Kibao

Kuna watu duniani wanalipa kiingilio kwenda kutazama pombe ikipikwa. Sisemi kunywa, nasema kutazama. Mmoja wao ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, anayeishi Austria kwenye milima ya Tirol, na ambaye kila mwisho wa wiki hunijazia simu kwa picha mpaka inakosa nafasi ya kupokea hata ujumbe wa mtu anayenidai. Hilo la mwisho silalamikii.

Safari hii alinitumia kiwanda cha pombe kali cha familia moja ya wakulima. Mtambo wa shaba umesuguliwa mpaka unaweza kuchana nywele mbele yake. Mama kavaa aproni nyeupe. Mezani vimepangwa vigilasi, kila kimoja kina pombe ya kipimo cha dawa ya kikohozi: hiki cha pea, hiki cha plamu, hiki cha mizizi ya enzian, mmea mchungu wa huko milimani. Nje ya dirisha ng'ombe kavaa kengele.

"Shem," ilisema sauti yake, "hawa watu wanapika gongo halafu wanatoa risiti!"

Risiti ndiyo iliyonikera. Nikafuatilia, maana nikikereka huwa msomi. Kumbe huko kwao kuna mashamba yenye haki ya kupika pombe kali kutokana na matunda yao wenyewe, haki ambayo wakulima wanaiita kwa jina la malkia wao Maria Theresia, aliyetawala karne ya 18. Haki hiyo imeshikamana na shamba, na shamba likirithiwa, nayo inarithiwa. Mzee wangu mimi aliniachia kiwanja chenye kesi.

Mwezi wa saba shemeji akaja likizo. Akashuka kwenye basi Sumbawanga amevaa koti la kufika magotini, akidhani anatuonyesha baridi. Sisi tunaoishi mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari hatuonyeshwi baridi na mgeni. Hapa maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage ukiyabandika asubuhi unayaomba msamaha mchana. Lakini yeye aliitazama safu ya Mbizi iliyokaa juu ya mji, akavuta pumzi, akatangaza kwamba huku ni Tirol kabisa, zimekosekana kengele tu.

Kisha akauliza swali ambalo dada yangu alilisikia akaenda jikoni kucheka: "Sasa shem, kiwanda cha huku kiko wapi?"

Nikamwambia kuna kimpumu, pombe ya ulezi, inamiminiwa maji ya moto, wazee wanainywa kwa mirija wakiongea mambo ya maana, na haina ugomvi na mtu. Hapana. Anataka ile ya mvuke, aione inavyodondoka. Kuna kijana mmoja wa bodaboda, sijui nani alimkaribisha kwenye mazungumzo, akasema mambo hayo yako Muze. Ikawa imekwisha. Shemeji akishasikia jina la mahali, hasikii tena bei ya kwenda.

Kama hujawahi kushuka Muze, unatoka mjini kupitia Ntendo, unapita kwenye vilima vya mahindi na alizeti, halafu nchi inakatika. Uwanda wa Ufipa unaishia ukingoni na chini yako kuna bonde la Rukwa, karibu mita 1,000 chini, na ziwa limelala mbali, ziwa lenye mamba na lisilo na mto hata mmoja wa kulitoa maji. Barabara inashuka kwa kona ambazo dereva wetu alizikata mkono mmoja, wa pili ukiwa na simu. Unapanda gari umevaa koti, unashuka unatafuta kivuli. Shemeji alifika na koti lile lile, kamera shingoni na buti za kupandia milima, amelowa jasho mpaka kwenye soksi.

Ningependa msomaji uione sura hiyo kwa macho ya watu wa Muze. Mwanaume mgeni, kanenepa vizuri, kamera, buti, anaingia kwenye uwanja wa nyumba na kusema kwa sauti ya mtu aliyelipa kiingilio: "Samahani, mnapika gongo hapa?"

Nyumba ya kwanza walikuwa walokole. Ya pili, walokole. Ya tatu kulikuwa na mzee wa Kifipa aliyetusalimia kwa kuinama na kupiga makofi taratibu, kwa heshima zote za mila, kisha akasema yeye pombe hajawahi kuiona hata kwenye kalenda. Jirani yake, Msukuma mwenye ng'ombe wake aliyehamia bondeni miaka mingi, alisema yeye ni mgeni, hajui chochote. Mchana ule Muze nzima iliokoka. Wengine walidhani shemeji ni askari, wengine bwana afya, wengine mtu wa kodi, na naona hao wa mwisho ndio walioogopa zaidi.

Mwishowe mama mmoja, mtu mzima, alituonea huruma akatupa kigoda. Sitasema nyumba yake iko upande gani. Alikubali kutusimulia jinsi "watu wa zamani" walivyokuwa wakifanya. Akasimulia kwa wakati uliopita, huku nyuma ya nyumba moshi ukipanda kwa wakati uliopo.

Na alisimulia vizuri kuliko yule wa aproni, maana hakuwa na karatasi. Unga na sukari vinalowekwa, vinaachwa mpaka vichachuke, mapovu yakitulia ndiyo vimekubali. Vinakwenda kwenye pipa, pipa linazibwa kwa udongo lisivujishe, moto wa wastani. Ukizidisha kuni unaunguza na unatoa maji. Mvuke unapita kwenye mrija, mrija unapita kwenye maji ya baridi, unatoka tone tone. Kupima, unamwaga kidogo na kuwasha kiberiti: ukiona moto wa bluu, imekamilika. Kilichowatesa hao watu wa zamani, alisema, si moto, ni maji ya kupoozea. Muze ni joto. Maji ya beseni yanachemka kabla mrija haujapoa, inabidi kubadilisha ndoo kwa ndoo, na kila ndoo ina kichwa cha binti wa mtu.

Shemeji akamweleza habari za yule mama wa aproni, na kuwa kule kwao maji yanatoka kwenye theluji.

"Ukija tena, baba, uje nayo," mama akamjibu.

Kisha akauliza yeye: "Na huyo mwenzangu, askari wake huwa wanakuja siku gani?"

"Hawaji, mama."

"Hawaji kabisa?"

"Labda waje kununua."

Mama alimtazama shemeji, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. "Basi huyo ana ndugu mkubwa serikalini." Na hapo mazungumzo yakaisha, tukaletewa chai ya rangi. Kionjo shemeji hakupata hata cha kulowesha ulimi. Alinung'unika njia nzima ya kurudi, na nilimwacha anung'unike kwa sababu nilikuwa na manung'uniko yangu.

Kwanza, sisi si watu wa kufundishwa moto. Mababu wa Kifipa walijenga matanuri ya udongo ya kuyeyushia chuma, malungu, marefu kama mita tatu, yanayovuta hewa yenyewe bila mtu kupuliza mivukuto. Wataalamu wa nje wamekuja kuyapima na kuyaandikia vitabu. Yakaja majembe ya dukani, matanuri yakazimika, na leo mabaki yake yanaota nyasi. Ujuzi ule ulikufa hadharani. Huu wa mrija na pipa umebaki hai kwa sababu umejificha, na kitu kinachojificha hakisafishi vyombo vyake.

Pili, hii sheria. Watu wanadhani gongo ni haramu tu, basi, limeandikwa mbinguni. Lakini kuna Sheria ya Moshi, yaani gongo hilo hilo, ya mwaka 1966, namba 62, na jina lake kamili linataja utengenezaji na ukenekaji. Ndani yake kuna habari za leseni. Yaani waliokaa bungeni miaka mitano baada ya Uhuru walijua kwamba kitu hiki kipo na kitakuwepo, wakaweka mlango. Tangu nizaliwe mlango huo nimeuona ukitumiwa kuingiza watu mahabusu tu. Leseni ya mama wa kijijini iliyotundikwa ukutani kwenye fremu, hiyo sijaiona. Ziara ya kiwandani tuliyoizoea ni ile ya taarifa ya habari saa mbili usiku: mapipa yamepangwa mstari, lita zimehesabiwa, wanawake wamekaa chini wamefunika nyuso kwa khanga.

Wenzetu walihangaika na jambo hilo hilo. Uganda ilitunga Sheria ya Enguli, gongo la kwao, mwaka 1965: mpikaji wa kijijini mwenye leseni auze kwa kiwanda, kiwanda kisafishe tena, na hapo ikatoka Uganda Waragi inayouzwa mpaka nje. Kenya ilipiga marufuku chang'aa, gongo la kwao, mwaka 1980, halafu mwaka 2010 ikaihalalisha kwa masharti. Goa, kule India, wanapika feni kwa mabibo, mabibo haya haya ambayo Mtwara na Lindi ukiyakeneka unakamatwa, na tangu 2009 feni ina ulinzi wa kisheria wa jina kama bidhaa ya mahali pale. Nasi tunayo Konyagi ya Chang'ombe, Dar es Salaam, asilimia 35, yenye kibao, mlinzi na lebo. Shemeji jioni ile mjini Sumbawanga aliinywa akiisifia, akasema inashinda ya pea. Hakuna aliyekuja kumpangia mstari.

Sasa kabla barua hazijaanza kuja: silisifii gongo. Mimi mwenyewe sinywi, tumbo langu lilishakataa. Nimezika watu. Nimeona vijana wa miaka ishirini wakitetemeka asubuhi kuliko babu zao. Na viroba vya pombe vya plastiki vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, nilifurahi, maana hapa kwetu watoto wa shule walikuwa wanavificha kwenye soksi. Pombe iliyokenekwa vibaya inapofua na kuua. Ile inayotoka mwanzo kabisa ndiyo inayobeba vitu vikali visivyofaa, na mama wa aproni kule Tirol huimwaga. Kwetu wapo wateja wanaoipigania hiyo hiyo kwa kuwa inachoma. Pipa nalo huenda lilianza maisha likiwa na oili au dawa ya pamba, nani atauliza? Na wapo wafanyabiashara wasio na haya wanaochanganya spiriti za viwandani, na hiyo haina mjadala, ni mauaji.

Lakini fikiria jambo hili, ndilo linalonikosesha usingizi kuliko mbu wa bondeni. Mama wa Muze akitaka kujua kama alichokikeneka kina sumu, aende wapi? Akiibeba chupa kuipeleka ikapimwe, amejikamata mwenyewe na ushahidi mkononi. Gongo lake litafika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali siku moja tu: siku limekuwa kielelezo mahakamani. Litapimwa vizuri, kwa vyombo vizuri, kuthibitisha kwamba ni gongo, jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalijua. Mnywaji wakati huo alishakunywa lile la wiki iliyopita.

Na maembe ya bondeni yanaoza kila msimu mpaka nzi wanachoka. Ukiyapika yakatoka mvuke una kesi. Ukiyaacha yaoze, wewe ni raia mwema.

Kwa hiyo, waheshimiwa wabunge wa Rukwa, mkiwa Dodoma, ombeni mletewe ile sheria ya 1966 na muisome ukurasa wa leseni kwa sauti, wenzenu wasikie. Anzeni na kituo kimoja cha kupimia, ambapo mtu anaingia na chupa na kutoka akiwa huru. Na ninyi mashemeji wa ughaibuni, bonde ni lenu, karibuni, mchele wa Muze ni mtamu na bei yake inazungumzika. Kamera acheni Sumbawanga, na koti pia.