Umeme Ukatike Tabata, Kazi Ife Frankfurt

Seva yetu iko Frankfurt. Haijui LUKU ni nini wala kifurushi kinaishaje usiku wa manane. Hayo tunayajua sisi wa Tabata. Sasa naomba kuelezwa: kwangu kukizimika, kwa nini kazi ife kule kwenye umeme?

Bakapu ya databesi inakwenda vizuri, mara giza, ruta chali. Seva haishtuki papo hapo. Inangoja wee, ikikata tamaa inafunga muunganisho. Hapo Linux inazipelekea programu zangu ishara namba 1, SIGHUP, na isiyoandaliwa kuipuuza inakufa. Ni urithi wa enzi za Unix, watu wakiingia kwenye kompyuta kwa laini ya simu: laini ikikatika, basi mwenye kazi kaondoka. Mie sijaondoka! Natafuta tochi.

Dawa ipo, wanasema: anza amri na nohup, malizia na alama ya &. Haya, programu imepona, na maneno yake yanakwenda kwenye faili la nohup.out. Nalifungua kwa tail -f: jeupe. Kumbe programu ya Python ikiandikia faili badala ya skrini, haitoi mstari mmoja mmoja. Inasubiri haba na haba ijaze kibaba ndipo imwage. Ikiuawa kibaba hakijajaa, maneno ya mwisho, yale hasa unayoyatafuta, yanapotea nayo. Eti nilitakiwa kuongeza -u. Nani aliyetangaza?

Kuna programu ya screen, ipo tangu 1987, na mdogo wake tmux: unabonyeza Ctrl-b, kisha d, unaondoka zako; ukirudi, tmux attach, unakuta kila kitu kama ulivyokiacha. Nikasema afadhali. Lakini mwaka 2016 systemd, msimamizi wa programu kwenye Linux, toleo la 230 likaja limeuwasha mpangilio wa kufagia programu zote za mtumiaji akishatoka, hata zilizo ndani ya screen na tmux. Watu wakapiga kelele, Debian wakauzima. Yaani kwenye seva kufa ni bure, kuishi ndiko kunaombewa kibali.

Na kuna kijana wetu wa ofisini, kila bakapu ikikatika anatikisa kichwa: "Kaka, si ungeiweka tu kwenye tmux?" Ushauri wake haujawahi kunifikia umeme ukiwepo.