Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima na taadhima naomba uniwie radhi kwa kukuchukulia muda, hali najua meza yako imebeba mambo mazito ya mkoa mzima. Nisingethubutu kukuandikia kama ningekuwa na mlango mwingine wa kubisha.

YAH: OMBI LA KUTOHAMISHWA KWA KOMPYUTA YA SHULE YETU

Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa sekondari moja ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Katika stoo yetu ya vitabu kuna kompyuta kuukuu inayoendeshwa na Linux ya Debian. Ndani yake tumeweka Wikipedia ya Kiswahili katika kifurushi cha Kiwix, kinachosomeka bila intaneti, pamoja na programu ya Transmission inayowagawia wengine faili hilo kwa njia ya torenti. Shule ya Karagwe ikilihitaji, huchota vipande kwetu badala ya kuvivuta vyote kutoka ng'ambo.

Mfadhili aliyetupatia mashine huuliza namba moja kila mwaka: data kiasi gani imetumwa. Safari hii ilisomeka sifuri. Tumeambiwa mashine itapelekwa kwingine.

Kwa ruhusa yako, Mheshimiwa, nieleze ilivyokuwa. Mvua kubwa ilinyesha, radi zikapiga upande wa Murongo, umeme ukakatika ghafla. Uliporudi, mwenzangu, kwa nia njema kabisa, aliingia kwa akaunti yake akaifungua Transmission mwenyewe. Programu hii hutunza hesabu katika faili dogo liitwalo stats.json, ndani ya folda ya yule anayeiendesha. Ikijiwasha pamoja na mashine, mwendeshaji ni akaunti iitwayo debian-transmission, na folda yake iko chini ya /var/lib/transmission-daemon. Ikifunguliwa na mwalimu, huanza faili jingine kwenye folda ya mwalimu, tena kutoka sifuri.

Ni kama katika vyama vyetu vya msingi vya kahawa, ambavyo unavifahamu kuliko mimi, Mheshimiwa. Karani wa mizani akianza daftari jipya katikati ya msimu, kahawa iliyokwisha kupimwa bado iko ghalani, na mkulima bado ana stakabadhi yake mkononi.

Faili la zamani nililikuta mahali pake. Lina mistari michache tu, na mbele ya maneno uploaded-bytes palikuwa na namba yenye tarakimu kumi na moja. Niliinakili kwa kalamu, nikaihakiki mara tatu. Kisha nikaiandika katika faili jipya huku programu ikiendelea kufanya kazi. Nilipoifunga, ikaandika juu yake hesabu iliyokuwa nayo, namba yangu ikafutika. Kumbe huzimwa kwanza, kwa amri ya systemctl stop au kwa kuifunga kabisa, ndipo faili liguswe.

Siwezi kukuficha, Mheshimiwa, kwamba kuna kilichopotea kweli. Programu huandika hesabu kwenye diski kwa vipindi, kwa hiyo kilichotumwa dakika za mwisho kabla ya giza hakimo popote. Na hata namba ile kubwa haihesabu wasomaji. Binti wa kidato cha pili anayebaki stoo hadi jua lizame, akinakili makala ya mzunguko wa damu kwenye daftari lake la mistari, kidole kikifuata kila neno kwenye skrini, hayumo. Vijana waliokuja kutoka Omurushaka na fleshi wakaondoka na kifurushi kizima hawamo pia. Hao ndio ninaowaombea.

Kwa unyenyekevu mkubwa, basi, naomba ofisi yako tukufu imshauri mfadhili asome mafaili yote mawili na kuyajumlisha, kisha afike stoo saa kumi jioni, masomo yanapokwisha, kabla ya kuamua lolote. Na kama si kukuomba kupita kiasi, tusaidiwe UPS moja, ili umeme ukikatika tupate dakika chache za kuizima mashine taratibu.

Karatasi yenye namba ile nimeitia kwenye bahasha, ndani ya droo ya ofisi ya taaluma. Siku yoyote utakapomtuma mtu, nitaifungua mbele yake na kumwonyesha faili lenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu,
Kyerwa