Shangazi wa Chuma ajibu: milimita ngapi zatosha bampa?

Shangazi wa Chuma haulizwi kuhusu mahari wala mawifi. Wanaomwandikia ni watu wazima wenye ndoa zao, walionyimwa usingizi na bampa. Mmoja anataka kujitengenezea la kupitia porini, mwingine ameshalitengeneza na gari limeinamisha pua, na kila bahasha ina swali lilelile lililovalishwa nguo tofauti: pleti ya chuma iwe nene kiasi gani?

"Shikamoo Shangazi," anaanza msomaji wa Nanyuki anayejiita Mkosa Usingizi. Ana Prado ya aina ya 150 na anazunguka sana vichaka vya Laikipia. Ameshauriana na mafundi watatu. Wa kwanza amesema milimita 3. Wa pili amesema 6. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye sauti kubwa, ana pleti ya milimita 10 iliyobaki kwenye kazi ya geti. Amfuate nani?

Marahaba, mwanangu. Shangazi anaanza na huyu wa geti, kwa kuwa ndiye anayechelewesha mambo. Mita moja ya mraba ya chuma ina uzito wa kilo 7.85 kwa kila milimita ya unene. Bampa kamili, ukihesabu uso, mabawa ya pembeni na sehemu ya chini, hula kwa urahisi mita moja na nusu ya mraba. Kwa milimita 3 hizo ni kilo 35. Kwa 6 ni kilo 71. Kwa 10 zinafika 118, kabla ya mabano, bomba, taa na winchi. Yaani fundi wa geti anataka watu wazima wawili wembamba wakae mbele ya rejeta maisha yao yote.

Tena hawakai juu ya ekseli, wanakaa mbele yake, na hapo ndipo hesabu inapouma. Kutoka ekseli ya mbele ya Prado hiyo hadi ya nyuma ni milimita 2,790. Ukining'iniza kilo 60 sentimita 90 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli hiyo haiongezewi 60, inaongezewa karibu 79. Zile 19 za ziada zinatoka nyuma, kwa sababu pua ikishushwa mkia unainuliwa. Mwenye gari huja kulalamikia springi, wakati springi zinabeba mzigo ambao hakuna aliyezipigia hesabu.

Wanabaki wawili, na hapa Shangazi lazima awe mwadilifu: fundi wa milimita 6 hasemi uongo. Pleti bapa ikizidishwa unene mara mbili, uzito unakuwa mara 2, lakini uwezo wake wa kustahimili kupindwa unakuwa mara 4, na ukaidi wake wa kutonesa unakuwa mara 8. Mtu akiona hesabu hiyo anakimbilia dukani kununua nene. Kasoro iko kwenye neno moja, bapa. Nani amesema bampa liwe bapa?

Chukua utepe bapa wa milimita 6, upana sentimita 20, urefu mita 1.7. Una kilo 16. Sasa chukua pleti ya milimita 3, ikunjwe iwe na uso wa sentimita 20 uleule, halafu kingo za juu na chini zirudi nyuma sentimita 5 kila moja. Uzito wake ni kilo 12 hivi. Ukivisukuma vyote viwili kutoka mbele, kile kilichokunjwa kina ukaidi wa kutonesa takriban mara 48 ya utepe bapa, na bado ni chepesi. Shangazi amerudia hesabu hii na jibu halibadiliki. Mashine ya kukunjia inafanya kazi ambayo pochi haiwezi.

Hata hivyo mikunjo haizuii kila kitu. Jiwe likigonga sehemu moja ndogo, pale pale unene ndio unaojibu, na milimita 3 itabonyea mahali ambapo 5 ingekwaruzwa tu. Kwa hiyo Mkosa Usingizi atengeneze uso na mabawa kwa milimita 3, pembe za chini zinazokutana na mawe kwa milimita 4 au 5, na nyuma ya uso aweke mbavu za pembetatu. Mabano yanayoshika chasisi ndiyo yawe ya milimita 6. Fundi wa kwanza apewe kazi, wa pili apewe mabano, wa tatu arudi kwenye geti.

Jambo moja Mkosa Usingizi amesahau kuuliza: umbo la bampa. Kenya ina mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangia uzio wa kulinda msitu wa Aberdare. Magari hupewa saa 10 kufikia vituo 13, na anayetumia umbali mfupi zaidi ndiye mshindi, hivyo watu hukata moja kwa moja kwenye makorongo. Katika njia za namna hiyo bampa fupi lenye mabawa yaliyopandishwa hushinda bampa nene, kwa sababu tairi hufika ukingoni kabla ya chuma. Pleti ya milimita 10 inayoburuza ardhi inalima tu.

Barua ya pili inatoka Iringa. Mwandishi amefunga winchi ya ratili 9,500 kwenye bampa la milimita 3, akavuta gari la jirani lililozama matopeni, na bampa likaanza kutabasamu. Anauliza kama aongeze pleti nyingine juu ya ile ya kwanza.

Asiongeze. Ratili 9,500 ni kama kilo 4,300 za mvuto. Kamba ikipitishwa kwenye roda iliyofungwa mtini na ndoana ikarudishwa kwenye gari lenyewe, gari huvutwa kwa nguvu karibu maradufu ya hiyo. Nguvu hizo hazitakiwi kupita kwenye uso wa bampa hata kidogo. Winchi ikae kwenye kitako chake cha milimita 6, kitako kiungwe moja kwa moja na mabano, na mabano yafungwe kwenye chasisi kwa bolti za M12 zenye chapa ya 8.8 kichwani. Bolti isiyo na chapa yoyote ibaki kwenye mlango wa banda la kuku. Uso wa bampa uwe pazia tu mbele ya shughuli hiyo, na pazia la milimita 3 linatosha. Masikio ya kufungia kamba ya kuvutwa nayo yapenye uso yafike hadi kwenye mabano. Yakichomelewa juu ya uso peke yake, siku moja yatang'oka na kuruka kuelekea kioo cha anayevuta.

Kuhusu mshono wenyewe: kuunga milimita 3 na 6 kunahitaji moto uelekezwe zaidi kwenye ile nene, la sivyo nyembamba inatoboka na nene haijashika. Kingo za milimita 6 zinolewe mshazari kwa grainda kabla ya kuunganishwa. Kijiti cha milimita 2.5 kwa ampea 60 hadi 90 kinatosha kwenye uso, na cha milimita 3.2 kwa ampea 90 hadi 130 kwenye mabano. Kabla ya kuchomelea kitu chochote kikiwa juu ya gari, ondoa waya hasi wa betri.

Kutoka Muscat ameandika kijana ambaye babu yake alihamia huko kutoka Unguja. Yeye na wenzake huenda kwenye mchanga wa Wahiba kila baridi inapoingia, na bampa lake la milimita 5 lenye bomba tatu ndilo linalosifiwa kuliko yote. Tatizo ni kwamba ndilo pia linalokwama kuliko yote.

Hapa Shangazi hana hesabu ndefu. Mchangani hakuna jiwe wala kisiki cha kugonga, kuna kuzama tu, na pua nzito ndiyo inayotangulia kuzama. Wenzake wanapunguza upepo wa tairi hadi pauni 15 au 18 ili gari lielee, naye anafanya vivyo hivyo huku ameliwekea gari nanga mbele. Avue zile bomba. Akitengeneza upya, milimita 3 inatosha, na ile ya 5 aibakishe kwenye mabano. Sifa atazipata akishapita.

Msomaji wa Gerezani, Dar es Salaam, ana shida fupi. Ameuziwa pleti ya "milimita 3" na moyo wake hauamini. Tena rafiki yake amemwambia atafute ya geji 10, akadhani ni milimita 10.

Geji anaijua kila aliyewahi kuezeka nyumba: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Namba ikipanda, chuma kinapungua. Geji 10 ya chuma cheusi ni kama milimita 3.4. Kuhusu kuibiwa, apeleke pleti kwenye mizani. Pleti ya futi 4 kwa 8 ya milimita 3 ina kilo 70. Ikisoma 58, amepewa milimita 2.5 na maneno mengi.

Barua inayofuata imeandikwa kwa mwandiko wa haraka na haina jina. Mwandishi anajivunia kwamba bampa lake jipya halitapinda hata likigonga ukuta, kwa sababu ameunganisha chasisi na pleti nene kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Shangazi amevua miwani. Katika magari mengi ncha ya mbele ya chasisi imesanifiwa ijikunje kwa mpangilio, ili mgongano uchukue sehemu chache zaidi za sekunde kabla haujafika kifuani mwa dereva. Kwenye gari lenye mifuko ya hewa, vihisi husoma jinsi gari linavyopunguza mwendo ghafla ndipo mifuko ifunguke. Ukiifanya pua kuwa fimbo moja ngumu, umebadilisha habari ambayo vihisi hivyo vilitengenezwa kuisoma. Na bampa lisilopinda humpinda aliye mbele yake, ambaye barabarani kwetu mara nyingi ni mwenda kwa miguu au abiria wa bodaboda. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya vizuizi vya mbele vya magari mwaka 2005 kwa sababu ya watembea kwa miguu. Afungue ile pleti ya chasisi, aache nafasi ya kujikunja, na kila ncha kali aiviringe.

Ya mwisho ni ya mke wa mtu kutoka Mbeya. Mumewe ameleta nyumbani pleti nzima ya milimita 8, futi 4 kwa 8, kwa ajili ya bampa la Hilux. Vijana wanne walihema kuishusha. Sasa iko uani, kamba ya nguo haipitiki, na mume hataki kusikia neno la ushauri.

Dada yangu, pleti hiyo ina kilo 187, na hakuna Hilux inayoihitaji puani. Lakini usimwambie irudishwe, atanuna. Mwambie Shangazi ameisifu. Akate kipande cha futi 4 kwa 3, akiwekee miguu ya bomba, na atakuwa na meza ya kuchomelea yenye kilo 70 juu ambayo haitapinda kwa joto. Waya wa ardhi wa mashine aubane kwenye meza yenyewe. Kinachobaki kitamtosha mabano ya mabampa mengi, na uso wa bampa anunue milimita 3. Kamba ya nguo ihamishiwe upande wa pili wa ua, kwa sababu cheche za grainda hutoboa shuka.