Hendibreki ya Alfa

Huku kwetu Pwani, hendibreki ni jiwe. Tazama lori lililoegeshwa kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, tazama tuktuk ambayo mwenyewe kaingia kibandani kunywa chai: nyuma ya gurudumu pana jiwe, tena si jiwe la kuokota tu. Lina mwenyewe. Utingo hulishusha kabla hajashusha mzigo, na ukilisogeza bila ruhusa utaambiwa ya kwako na ya wazazi wako.

Mimi nina Alfa Romeo Spider ya miaka ya 70. Spider lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1966, umbo ni la Pininfarina, juu halina paa ila turubai. Langu lina injini ya lita 2, gia tano, usukani upande wa kulia, na namba ya usajili isiyo na herufi ya mwisho, ya enzi za kabla ya KAA. Lililetwa na Mwitaliano mmoja wakati Malindi imejaa wenzake, hata muuza madafu akikutajia bei kwa Kiitaliano kabla hajakutazama usoni. Yeye akarudi kwao, gari likabaki. Nililinunua kwa fedha ambazo mke wangu huzikumbuka kila mvua inaponyesha, maana turubai linavuja upande wake.

Hendibreki za magari haya hazina sifa hata kwa wanaoyapenda. Jambo hili hunishangaza. Tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni. Ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilipaa siku ya sherehe zetu za uhuru, ikaenda kuchungua miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Watu wa namna hiyo, kweli, kulizuia gari lisiteremke kumewashinda?

Ndani ya Malindi hendibreki hainisumbui, mji ni tambarare. Kasheshe iko Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi, ambako wakwe zangu wanakaa kwenye mteremko unaoelekea kwenye mkondo wa bahari. Huko nilikuwa na jiwe langu la matumbawe, zito, lenye ubapa upande mmoja. Jumapili moja shemeji alikuwa akipika nje, mafiga ni mawili, akatafuta la tatu. Akalipata. Mimi niko ndani, nimekaa kwa adabu zote za mkwe, nikasikia kuku. Gari lilikwenda polepole, halina haraka, likaingia bandani. Kuku walitoka kwanza, mbao zikafuata. Mama mkwe alitoka, akatazama, akarudi ndani. Hakusema neno. Ukimya ule ndio ulionipeleka gereji.

Gari hili nyuma lina diski, na katikati ya kila diski pamechongwa kama kijisufuria kilichofunikwa. Humo zimejificha shuu mbili ndogo, zinazotanuka ukivuta mkono wa hendibreki. Hazina kazi nyingine. Barabarani diski ndizo zinazobanwa, shuu zimelala tu. Kwa hiyo haziishi kwa kulika, zinakufa kwa kukaa bure: hewa ya chumvi inaingia, chuma kinafura kutu, gundi inaachia, lainingi inabanduka nzima nzima. Chumvi wanayoivuna Gongoni kwa matrekta, mimi naivuna ndani ya rimu bila jasho.

Duka la kwanza la spea waliniuliza, "Probox ya mwaka gani?" La pili, kijana alipanda ngazi akashuka na shuu za tuktuk ya Piaggio. "Si wote Waitaliano hao?" Kwa hoja alinishinda. Upana wa shuu ndio uliokataa.

Kuagiza Ulaya kunawezekana, ila ukijumlisha usafiri na ushuru, unaweza kumwajiri mtu awe analishika gari kwa mikono. Fundi wangu akaamua tufungue kwanza, tuone chuma chenyewe kama kinafaa kuvishwa lainingi mpya.

Kitabu cha gari kiko kwa Kiitaliano, nikamwita jirani, ambaye aliwatembeza watalii Marafa miaka mingi na anaongea Kiitaliano cha kusuluhisha ndoa. Akavaa miwani, akausoma ukurasa mzima kwa sauti tamu, tukamsikiliza kama hotuba. Wanasemaje? "Wanasema kuna kigurudumu chenye meno, kinazungushwa kupitia tundu." Na hayo mengine? Akafunga kitabu. "Hayo mengine ni maneno ya ndani." Fundi wakati huo bisibisi lake lilikuwa limeshaingia kwenye tundu, analegeza.

Diski ilitoka kwa nyundo ya mpira na maneno yasiyoandikika. Fundi akainama apulize vumbi, nikamshika bega. Lainingi za zamani zilikuwa na asbestosi, unga wake haufai kuingia kifuani. Chukua kitambaa kibichi, pangusa. Akanitazama kwa huruma. "Bosi, hili vumbi nimelila tangu niko mwanafunzi." Akapangusa, lakini kwa kuniridhisha tu.

Shuu zinashikwa na springi fupi fupi zenye hasira. Moja ilijinyofoa kwenye koleo, ikalia tiing, ikaruka ukuta. Tulipekua nyasi, tukapekua ndoo, tukamshuku mbuzi. Mwishowe akatokea mtoto wa jirani, mikono iko mgongoni, akauliza hiyo kitu tunayotafuta ni ya bei gani.

"Haina bei, baba. Ni kichuma tu."

"Nimesikia fundi akisema bila hicho gari haliendi."

Nililipa shilingi ishirini. Mtoto yule atafika mbali.

Shuu nilizipeleka Kilifi kwa mzee wa jua kali anayevisha breki za malori. Hakuuliza ni za gari gani. Alikwangua lainingi ya zamani kwa patasi, akakata kipande kwenye lainingi ya lori, akatoboa, akapiga riveti, na kila kichwa cha riveti akakizamisha kisije kikachuna chuma. Kazi safi kabisa. Ila lainingi ya lori ni nene, na diski ikakataa kurudi. Basi ikawa msasa: tunapiga, tunajaribu, tunatoa, tunatazama palipong'aa, tunapiga tena. Adhuhuri ilitupita hapo. Diski ilipokubali, fundi alizungusha kile kigurudumu hadi tairi likagoma, kisha akarudisha meno machache, tairi likazunguka kwa mnong'ono. Nikavuta mkono. Ukashika juu juu, imara.

Mnarani niliegesha palepale mteremkoni, nikavuta, nikashuka bila kugusa jiwe lolote. Watoto walijipanga mbali kidogo. Shemeji alisukuma kwa bega, akasukuma kwa mgongo. Wapi! Mama mkwe aliletewa kiti nje, akatazama, akatikisa kichwa mara moja kwa kukubali. Nilikula wali wa nazi siku hiyo kwa raha ambayo sijawahi kuwa nayo katika nyumba ile.

Jua likizama nikaaga. Mkono wa hendibreki ukashuka chini vizuri kabisa, na gari likabaki lilipo. Nikatia gia, mgongo wa gari ukainama, magurudumu ya nyuma hayataki. Nikampigia fundi.

"Hiyo ni waya, bosi. Imeshika kutu ndani ya mfuniko wake, haitaki kurudi. Si nilikuambia waya?"

"Hukuniambia."

"Basi nilikuwa nikuambie."

Angekuja asubuhi. Kwetu, mwanamume kulala ukweni bila kutarajiwa si jambo dogo. Nilianza kutaja matatu, pikipiki, hata kutembea. Lakini godoro lilikuwa limeshatandikwa. Mama mkwe, ambaye tangu ile Jumapili hakuwa amelitaja lile jambo hata kwa fumbo, alisimama mlangoni na taa yake.

"Kesho kwa kuwa upo, mkwe wangu, mbao za banda la kuku ziko nyuma ya jiko. Misumari nilishanunua."