Gari Halikujua Limebeba Ndizi

Pikapu ya nyumbani kwetu iliongezwa springi Jumamosi moja ya msimu wa masika, na wiki haikuisha kabla kila mtu bomani hajapata lalamiko lake. Mama mkwe alilalamikia kiuno, watoto wakalalamikia giza la barabarani, mimi nikalalamikia maziwa. Mume wangu, Baba Mwenda, peke yake ndiye aliyekuwa na raha. Kila akipita uani alisimama nyuma ya gari, akaliangalia lilivyonyanyuka, akapiga bodi kwa kiganja na kwenda zake.

Mgala muue na haki umpe: sababu alikuwa nayo. Sisi tunakaa Imenti Kusini, juu kidogo ya Nkubu, na karo ya watoto hutoka kwenye ndizi. Mikungu hukatwa mapema, hupangwa kwenye pikapu, kisha hupelekwa soko la Kanyakine. Mvua ikinyesha, njia ya kutoka kwetu hadi kwenye lami hugeuka tope jekundu lenye mashimo. Gari likijaa, nyuma lilikuwa linalala, na kila shimo lilifanya fremu igonge ekseli kwa kishindo. Baba Mwenda alilinunua gari hilo kwa jasho la miaka. Kile kishindo kilikuwa kikimuuma.

Aliyeleta dawa ni shemeji yangu, mdogo wake, ambaye amewahi kupakia miraa kule Maua. Mtu yeyote wa Meru amewahi kuziona pikapu za miraa zikitoka Igembe kukimbilia Nairobi, nyuma zimeinuliwa ili mzigo usizilaze. "Kaka, zile zote zimeongezwa vyuma," shemeji alisema. "Ndizi haziwezi kutushinda sisi."

Springi za nyuma za Toyota Hilux kama yetu ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikafungwa kwenye ekseli kwa bolti zilizopinda mfano wa herufi U. Ndugu hao wawili walinunua vyuma vya ziada vilivyotolewa kwenye gari lililochakaa. Waliinua pikapu kwa jeki na magogo, wakafungua, wakapanga, wakakaza. Kufikia chai ya jioni gari lilikuwa chini, nyuma limepanda karibu upana wa kiganja. Kazi yenyewe ilikuwa safi: hakuna bolti iliyosalia mkononi wala kilicholegea. Nalisema hilo kwa sababu shida zilizofuata hazikutokana na uzembe.

Ya kwanza ilikuwa maziwa. Springi ngumu hazinyumbuki gari likiwa tupu. Jumatatu asubuhi, njiani kwenda chama cha ushirika, mikebe ilirukaruka hadi kifuniko kimoja kikafunguka, na maziwa tuliyokamua gizani yakamwagika nyuma ya gari. Ya pili ilimpata mama mkwe, aliyepelekwa kliniki yake ya presha Chogoria. Alishuka ameshika kiuno. "Mwanangu, asante," alimwambia Baba Mwenda. "Kurudi nitapanda matatu." Baba Mwenda hakujibu. Mama yake hakuwa amewahi kulikataa gari lake.

Ya tatu ilikuwa taa. Gari likiinuka nyuma, pua huinama, na mwanga ukawa unaanguka hatua chache mbele ya bampa. Tulipowachukua watoto jioni kutoka mazoezi ya kwaya, Mwenda aliuliza mbona taa zinatazama chini. Ya nne ilikuwa mtetemo. Propela, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, limewekwa kwa pembe iliyopimwa kiwandani. Fremu ilipopanda ikaiacha ekseli chini, pembe ile ilibadilika, na kila mara gari lilipoanza kuondoka sakafu ilitetemeka huku krosi za propela zikilia.

Baba Mwenda alitafutia kila shida dawa yake. Aliweka magunia ya mchanga nyuma ili gari lisiruke. Mama alitafutiwa mto wa kukalia. Krosi zilipakwa grisi. Skrubu za taa zilizungushwa hadi mwanga ukafika mbali, lakini tulipopakia mikungu, nyuma ikashuka kidogo na taa zikaelekea juu ya miti. Madereva waliotoka mbele yetu walituwashia taa kwa hasira. Kila kilichotengenezwa kiliharibu kingine, na bado hakuna aliyeuliza kwa nini shida zote hizi zilizaliwa wiki moja.

Jibu tulilipata tukielekea kwetu. Mimi ni wa Runyenjes, upande wa Embu, na tulikuwa tumewaahidi wazazi wangu ndizi na miche ya kupanda. Tulipakia vizuri, tukaketi watatu mbele, tukashika barabara kuu ya Meru kwenda Embu.

Barabara hiyo hukata mashariki mwa Mlima Kenya, na kila mto unaoshuka kutoka mlimani kwenda kuungana na Tana huivuka. Dereva hushuka bondeni, huvuka daraja, hupanda, kisha huanza upya: Mutonga, Nithi, Thuci. Anayetoka Meru kwenda Embu na mzigo hutumia breki kuliko anavyotumia mafuta. Na kila mwenyeji anaijua Nithi. Mteremko ni mkali, kona iko karibu na daraja, na daraja liko juu ya bonde refu. Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia hapo na zaidi ya watu 30 wakafa. Wengi wetu tuna jirani au ndugu aliyezika mtu kwa sababu ya mteremko ule.

Tuliposhuka Mutonga nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Baba Mwenda alisema ni lori lililotutangulia. Tulipokaribia Nithi hakukuwa na lori mbele yetu na harufu ilikuwa imezidi. Nilimwona akikanyaga breki, akiachia, akikanyaga tena, na kila mara mguu ukienda chini zaidi. Alirudisha gia hadi ya pili, kisha ya kwanza. Injini ililia sana. Shemeji alishika dashibodi kwa mikono yote miwili. Tulivuka daraja polepole, magari yakitupigia honi nyuma, tukapanda upande wa pili hadi Chuka, tukaegesha. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakitoa moshi. Ya nyuma, Baba Mwenda alipoyasogezea kiganja, yalikuwa na joto la kawaida tu.

Nilimpigia simu mjomba wangu. Mjomba alitengeneza magari ya serikali wakati Embu ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na hadi leo hapandi gari kabla hajachungulia chini yake. Alikuja na matatu, kikoba cha spana begani. Alisalimia, akatandika gunia, akalala chini ya pikapu. Alikaa huko muda mrefu. Kisha akamwita Baba Mwenda alale kando yake.

"Mkwe, gari hili limebeba nini?"

"Ndizi, mjomba. Limejaa."

"Lenyewe halijui."

Akamwonyesha kijiti cha chuma, upande mmoja kimeshikana na ekseli, upande wa pili kimeshikana na vali ndogo iliyofungwa kwenye fremu. Vali ile hupima mzigo. Gari likibeba, fremu hushuka karibu na ekseli, kijiti husukumwa juu, na vali huruhusu presha zaidi ya breki iende magurudumu ya nyuma. Gari likiwa tupu, fremu hukaa juu, kijiti hushuka, na vali hupunguza presha ya nyuma ili magurudumu mepesi yasijifunge na gari likazunguka barabarani. Springi za ziada ziliiweka fremu juu daima. Mikungu ilikuwa imejaa, lakini kijiti kilikuwa pale pale kinapokaa gari likiwa tupu.

Mjomba hakutaka tumwamini kwa maneno. Alituambia tushushe ndizi zote kando ya barabara huku Baba Mwenda akikitazama kijiti, kisha tuzipakie tena. Kilisogea upana wa kucha. Breki za mbele ndizo zilizokuwa zimezuia gari lote na mzigo wote kutoka Mutonga hadi Nithi.

Joto lile lilichemsha mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yaliyonyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo maana mguu ulizama. Yetu hayakuwa yamebadilishwa tangu gari linunuliwe. Kisha mjomba aliinua gari kwa jeki hadi magurudumu ya nyuma yakaning'inia, akagusa paipu ya mpira inayopeleka mafuta hayo kwenye ekseli. Ilikuwa imenyooka ikakaza, na mwanzoni mwake, pale inapoungana na chuma, palikuwa na ufa mwembamba kama uzi. "Shimo moja kubwa," alisema, "na hii ingekatika."

Ndizi zilifika Runyenjes kwa gari la kukodi, na pikapu ikavutwa hadi Embu. Shemeji alitaka kijiti kirefushwe ili vyuma vyake vibaki. Mjomba alimsikiliza, kisha akamweleza kwa upole. Ukirefusha kijiti, itakubidi uweke paipu ndefu, utie kabari ya chuma kuirudisha pembe ya propela, na upime taa upya. Baada ya gharama hiyo yote, ekseli, tairi na breki zitabaki zile zile za pikapu ya tani moja. Springi hunyanyua gari. Haziliongezei uwezo wa kubeba wala wa kusimama. Kilichokuwa kikililaza gari ni springi za zamani zilizochoka na mikungu iliyopita kiasi.

Basi vyuma vya ziada vilitolewa, na springi mpya za aina ile ile ya kiwandani zikafungwa. Paipu, krosi na pedi za mbele zilibadilishwa, mafuta ya breki ya zamani yakamwagwa yote. Mjomba alifunga kipimo cha presha, akapima breki za mbele na nyuma, gari tupu na gari lenye mzigo, akakirekebisha kijiti hadi akaridhika. Taa zilipimwa usiku kwenye ukuta wa nyumba yake. Bili ilizidi mbali bei ya vile vyuma, na Baba Mwenda aliilipa bila neno. Ukaguzi wa mwaka, ambao kila gari la biashara nchini sharti lipitie, pikapu yetu iliupita. Siku hizi ndizi huenda sokoni kwa safari mbili badala ya moja, na mama mkwe amerudi kwenye kiti chake cha mbele.

Siwalaumu ndugu hawa wawili. Nchi hii inaendeshwa na watu wanaotengeneza vitu kwa mikono yao, na gari likiharibika huku mashambani hakuna wa kumngoja. Ninachowasihi wenzangu ni kwamba kabla ya kubadilisha kitu chochote kwenye gari linalobeba watu wako, uliza kimeshikana na nini, ulale chini ukaone kwa macho. Na shida mpya zikianza kuzaana wiki moja, usizitibu mojamoja. Rudi kwenye kile ulichogusa.

Juzi shemeji alikuja na wazo la tairi kubwa zaidi. Baba Mwenda alimuuliza tairi imeshikana na nini. Shemeji alikwenda, akauliza mafundi, akarudi na majibu: tairi kubwa hufanya mshale wa kasi usome chini ya mwendo halisi, husugua bodi usukani ukikatwa, na huzidishia breki kazi. Alizisoma sababu hizo yeye mwenyewe mezani, mbele yetu sote. Tairi zilizonunuliwa ni za saizi iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.