Namna ya Kujaribu Shoka Jepesi Ukiwa Ukweni

Mchagua jembe si mkulima, walisema wazee, na walisema hivyo kwa sababu enzi zao jembe lilikuwa la aina moja. Leo ukipita maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo unakuta mashoka yamening'inizwa kama nguru sokoni: yenye mpini wa mbao, yenye mpini wa plastiki ngumu, mengine ya rangi ya machungwa, mengine na ala yake kabisa. Mtu hawezi kutoka hapo akaenda kukata mti tu hivihivi. Lazima achague, na akishachagua lazima ajaribu. Mwongozo huu ni wa huyo, na hasa yule anayekwenda ukweni Nyanda za Juu Kusini mwezi wa Julai, ambako baridi haina utani, na ambaye angependa aonekane ana shughuli pale uani.

Anza na uzito. Shoka jepesi, kwa hesabu yangu, ni lile ambalo kichwa chake hakifiki kilo moja. Langu lilikuwa la gramu 800, mpini sentimita 40. Ukiwa dukani usiulize habari za chuma. Linyanyue kwa mkono mmoja, pitisha dole gumba kwenye makali, kunja uso, kisha tikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeufyeka msitu wa Sao Hill peke yake. Muuzaji atakwambia, "Hilo halichoshi, bosi." Mwamini. Shoka likiwa ndani ya mfuko halijawahi kumchosha mtu.

Atakwambia pia kwamba jepesi lina kasi, na kasi ndiyo inayopasua. Hapo fizikia iko upande wake, ila kwa masharti. Uzito ukiongezeka mara mbili, nishati ya pigo nayo huongezeka mara mbili. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Kwa hiyo gramu 800 zinaweza kushindana na shoka la kilo 2, mradi ulizungushe kwa kasi inayozidi kidogo mara moja na nusu ya kasi ya lile zito. Kijana anaweza. Kinachomwangusha ni mpini. Mpini mfupi huchora njia fupi, na kichwa kilichosafiri njia fupi hakipati nafasi ya kushika kasi. Uzito waliokupunguzia kiwandani utaulipa wewe kwa bega, pigo baada ya pigo. Haya usimwambie muuzaji, atakuuzia na lile zito.

Njiani, lifunge vizuri. Mimi nilipanda basi pale Mbezi nikiwa nimelishika mkononi ili watu walione, na konda akaliona kweli. "Kaka, hiyo silaha ya nini?" Nikamweleza kuwa nakwenda kulifanyia majaribio Njombe. Akanitazama kwa huruma, akalitupa kwenye buti chini ya magunia ya mtu, na kuanzia Mbezi hadi tunaupanda mlima Kitonga nikawa mtu wa kawaida kama abiria wengine.

Ukifika, amkia kwanza. Kamwene zote ziishe, watu na mifugo waulizwe hali, chai inywewe. Mkwe anayeshuka kwenye bodaboda akiwa na shoka mkononi huwatia watu wasiwasi. Subiri hadi kesho yake asubuhi, wakati moto wa jikoni umeanza kufifia, ndipo ulitoe kwenye ala mbele ya mashemeji. Liache jua lilipige kidogo. Shemeji yangu mdogo alilichukua, akalipima kiganjani, akauliza, "Shemeji, hili la mkate au la siagi?"

Usimjibu. Shemeji ni shemeji. Nenda moja kwa moja kwenye kuchagua kuni, kwa maana hapa ndipo jaribio linaposhinda au kushindwa, na hapa ndipo mjaribu mwerevu anapojiokoa.

Tafuta msindano. Msindano uliokauka, ulionyooka, usio na fundo hata moja, uliokatwa vipande vifupi. Huu hupasuka kwa shoka lolote. Nadhani hata ukiutazama vibaya unaweza kupasuka. Ukiona mtu anasifia shoka lake huku vipande vinaruka kushoto na kulia kama bisi, chunguza kwanza anapasua nini. Nilianza na huo. Vipande kumi na viwili, mapigo kumi na matatu, na kelele za watoto kila pigo. Kama ningeacha hapo, ningeandika kwamba hilo ndilo shoka bora kuliko yote niliyowahi kushika.

Wa pili ni muwati. Njombe miwati imejaa tangu kampuni ya miwati ilipoanzishwa huko mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake, yanayotoa dawa ya kusindikia ngozi za viatu na mikoba. Gome likishaondoka, mti wenyewe ni kuni safi: mgumu, mzito, wenye moto mkali unaodumu. Ukiwa mbichi kidogo na umenyooka, hupasuka kwa heshima. Shoka jepesi linauweza, lakini unaanza kusikia viwiko vikilalamika.

Wa tatu ni mkaratusi, na huu nakushauri usiukaribie. Nyuzi zake hujisokota kama kamba. Ukiwa mbichi bado una mazungumzo. Ukishakauka, mazungumzo yamekwisha. Msindano ule unaopandwa Mufindi asili yake ni Mexico, miwati na mikaratusi ilitoka Australia, shoka lilitoka kiwandani nisikokujua, na mimi nilitoka Dar. Pale uani mwenyeji alikuwa mama mkwe na kuku wake.

Na kama kuna jamaa wa kutoka Lindi au Mtwara atakayekuletea kipande cha mpingo "ujaribie", mshukuru, kipokee kwa mikono miwili, kisha kiweke mezani kama pambo. Mti unaozama majini haujaribiwi na gramu 800.

Sasa jambo ambalo kwenye karatasi ya shoka hutalisoma. Kutema na kupasua ni kazi mbili. Unapotema, unakata nyuzi za mti kwa kukingama, kwa hiyo unataka shoka lenye mashavu membamba linalozama, na unalipiga kwa mshazari, mara kulia mara kushoto, hadi mti ufunue mdomo. Unapopasua, nyuzi hukati, unazitenganisha, kwa hiyo unataka mashavu manene yanayosukuma mbao pembeni mithili ya kabari. Shoka jembamba likiingizwa kwenye kupasua huzama vizuri sana, tena huzama likabaki humohumo. Langu liliandikwa kwamba ni la kazi zote mbili. Nililipiga kwenye muwati likanasa, nikalivuta, gogo likaja nalo. Nikawa natembea uani na gogo limening'inia kwenye shoka, nikijifanya ndivyo lilivyotengenezwa.

Usalama nao uzungumzwe, maana hapa kejeli ina mipaka. Watu hudhani shoka dogo halina hatari. Shoka lenye mpini mrefu ukilikosesha gogo huishia ardhini mbele yako. Lenye mpini mfupi likikosa huendelea na safari yake, na kituo kinachofuata ni muundi wa mguu wako. Weka gogo juu ya kisiki kipana, upande ulio mbali nawe, ili shoka likipita likutane na kisiki kwanza. Au piga magoti kabisa. Tanua miguu. Hakikisha kichwa hakichezi kwenye mpini. Ondoa watoto na kuku. Vaa buti ngumu. Mimi nilivaa ndala, kama kila mtu aliyekuwa pale, na ninaandika haya nikiwa na vidole vyote kumi kwa rehema za Mungu.

Makali pia usiyafanyie ibada. Wapo wanaojaribu shoka kwa kunyolea vinyweleo vya mkono, na unajiuliza kama walitumwa kuni au wanakwenda harusini. Kwa kupasua, makali ya tupa na kinoo yanatosha. Usilipeleke kwenye jiwe la kusagia la umeme ukaligandamiza hadi chuma kikageuka bluu. Bluu ile maana yake moto umekwishaondoa ugumu, na kuanzia hapo unapasulia kijiko.

Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimefika kwenye gogo. Kila uani kuna gogo hilo, usinibishie. La pale kwa mama lilikuwa la mkaratusi, kavu, nene kama pipa la kutekea maji, na fundo katikati ukubwa wa ngumi mbili. Kuku walilifanya kiti. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kila mkwe huonyeshwa gogo lile, na kwamba waume wa dada wakubwa wawili walilipiga kila mmoja kwa wakati wake, likabaki. Hakuna aliyeniambia nisilipige. Walisogeza viti tu.

Nililipiga mara arobaini. Sikuhesabu mimi, alihesabu shemeji, kwa sauti. Shoka liliacha alama arobaini juu ya gogo, zote katikati, zote juu ya fundo. Jasho lilinitoka kwenye baridi ya Njombe, jambo ambalo wenyeji walilichukulia kama ndilo matokeo ya jaribio.

Mama akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga. "Baba Neema, pumzika mwanangu, chai imeiva." Nikasema, "Asante mama, namalizia." Akacheka kidogo, akarudi ndani, akatoka na shoka lake.

Hebu niseme habari za shoka lile. Lilifuliwa na mhunzi kwa chuma cha springi ya gari, kama mashoka mengi ya vijijini. Halina tundu la kupitishia mpini; mpini ndio wenye tundu. Ni wa mpera, na kichwani una bonge, na bonge limetobolewa kwa chuma cha moto, na msuka wa shoka umepita humo. Kila unapopiga, msuka unazidi kujikaza ndani ya mti. La kiwandani ni kinyume: kila pigo linalilegeza kidogo, hadi siku moja unaloweka kichwa majini ili mpini uvimbe, unavimba, unakauka, unalegea kuliko jana. La mama likivunjika mpini, mtu anakwenda nyuma ya nyumba kwenye mpera. La kwangu likivunjika, nipande basi.

Hakulipiga fundo. Alilizunguka gogo kwanza, akainama, akatafuta ufa mwembamba kwenye ukingo, ule ambao mti ulijipasua wenyewe ulipokuwa ukikauka. Akapiga ukingoni, si katikati, akabandua ubao. Akazunguka, akabandua mwingine. Hakutumia nguvu, aliliacha shoka lianguke na uzito wake, kisha mwishoni akalipindisha kidogo. Gogo likawa linapungua pembeni kama kabichi, mpaka likabaki fundo peke yake na ufa umefika ndani.

"Nipe na hilo lako," akasema.

Nikampa. Akalisimamisha kwenye ufa, makali chini, akaokota gongo la muwati, akaligonga kisogoni mara tatu. Fundo likaachia kwa mlio uliowafukuza kuku. Kwa kabari, shoka langu lilikuwa zuri ajabu, na nililisema hilo kwa sauti ili liingie kwenye kumbukumbu.

Matita mawili ya kuni yaliyotoka pale yaliingia jikoni kwa mafiga siku hiyohiyo. Serikali imelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mimi naunga mkono, kwa macho yaliyowahi kukaa jikoni kwa mama dakika kumi na moshi. Ila wewe uliyekwisha kununua shoka una muda bado wa kulijaribu, ukienda polepole.

Hukumu yangu basi. Kwa kupogoa matawi yasiyozidi unene wa mkono, shoka jepesi lichukue. Kwa kuchonga vijiti vya kuwashia moto, lichukue bila kufikiri. Kwa kutema mti mzima, azima la jirani. Kwa kupasua mkaratusi mkavu, mwite mama mkwe, umwamkie vizuri.

Langu sikurudi nalo. Liko Njombe jikoni, limechomekwa ukutani karibu na mwiko. Linachanja vijiti asubuhi na kuvunja mifupa ya supu jioni, na shemeji ameniandikia kwamba kwa mifupa halina mpinzani.