Barua ya Wazi kwa Meneja wa Siku 437

Meneja Rasilimali Watu,
Kiwanda chetu cha masufuria,
Dar es Salaam.

YAH: PONGEZI KWA KUTIMIZA SIKU 437 BILA AJALI

Ndugu Meneja,

Husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ndiye yule mwenye chaki. Kila asubuhi, kabla ya king'ora cha saa moja na nusu, nafuta namba ya jana kwenye ubao wa getini, naongeza moja, napangusa mikono kwenye ovaroli na kuingia kazini. Leo nimeandika 437. Wiki iliyopita wageni wenye suti walipiga picha pale, nawe katikati yao umesimama kama bwana harusi. Nikaona si vizuri pongezi zitoke kwa wageni tu.

Nina swali dogo la hesabu, maana namba zikikosewa nitalaumiwa mimi. Siku ya 112, saa nane kasoro mchana, mashine namba 3 ilishuka kabla kijana wetu hajatoa mkono. Kile kizuizi cha chuma cha kukinga vidole kilikuwa kimefunguliwa tangu mwezi uliotangulia kwa sababu kinachelewesha oda. Kiliegeshwa ukutani, mtu akakitundikia kofia. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikakatika, cha shahada na cha kati. Sufuria iliyokuwa chini ya mashine ilitoka sawasawa kabisa. Ilifutwa, ikapangwa na wenzake, na nadhani sasa hivi kuna familia inaipikia.

Kesho yake nilikwenda ubaoni na sifuri kichwani. Msimamizi akanikuta. "Andika 113." Nikauliza, na ya jana? Akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kusoma: ajali humpata mfanyakazi, na yule si mfanyakazi. Yule ni deiwaka.

Elimu hiyo nimeitafuna kwa miezi kumi na zaidi. Kijana alikuwa deiwaka kwa miaka miwili, siku sita kwa wiki, Sh. 8,000 kwa siku, jina lake kwenye daftari kwa penseli. Zamani nilidhani penseli ni ubahili wa ofisi. Kumbe ni kifaa cha usalama kazini! Tungetumia wino, kiwanda kingepata ajali.

Wapo wachochezi, ndugu Meneja, wanaosema kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulioanza kazi mwaka 2015. Wanasema kila mwajiri wa Tanzania Bara, wa umma na wa binafsi, lazima ajisajili na kuchangia, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Wanasema mchango ni asilimia 0.5 ya malipo ya wafanyakazi. Nikachukua chaki nikapiga hesabu chini, nyuma ya ghala. Sh. 8,000 kwa siku 26 ni Sh. 208,000. Nusu asilimia yake ni Sh. 1,040 kwa mwezi: soda moja, na chenji inabaki.

Soda nimeitaja kwa sababu. Ulipokwenda kumjulia hali wodini ulimbebea kreti nzima, chupa 24, kila moja Sh. 700. Tulifurahi sana. Zilikuwa za vizibo, naye ana mkono mmoja wa kufungulia, kwa hiyo zikanywewa na wagonjwa wa vitanda vya jirani. Hesabu yangu ya nyuma ya ghala inasema kreti moja na nusu ingetosha mchango wake wa miaka yote miwili. Ulikosea nusu kreti tu.

Naelewa kwa nini unaitamani sheria ile ya zamani, tuliyoachiwa na mkoloni. Ile ilikuwa na adabu. Kikomo chake kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa Sh. 108,000, na kwa kifo Sh. 83,000. Yaani marehemu alimpunguzia mwajiri Sh. 25,000 kwa kutopona. Hii mpya imeharibu mambo: matibabu, asilimia 70 ya mshahara kwa hadi miezi 24 kwa asiyeweza kazi kwa muda, malipo ya mkupuo kwa ulemavu usiozidi asilimia 30, na ukizidi hapo pensheni ya kila mwezi. Fedha inakuja kama mvua ya masika, na hakuna wa kupigiwa magoti.

Wewe umemlinda kijana na aibu hiyo. Ulimpa bahasha ya Sh. 150,000 na karatasi iliyoandikwa "sina madai". Kalamu haikushikika, akatia dole gumba. Hilo tulikuwa tumemwachia. Kisha ukatutangazia, "Tumemsaidia mwenzenu," nasi tukapiga makofi, wenye vidole kumi wote. Msaada ni kitu kizuri. Anayetoa huchagua aanze lini na aishie wapi, anayepokea husema asante. Fidia haijui kusubiri asante. Mtu akishapata haki yake huanza hata kukutazama usoni.

Siku hizi anauza karanga kituoni, na chenji anahesabu kwa mkono wa kushoto. Tukisali pamoja, akifika kwenye tahiyatu mkono wa kulia unabaki umelala juu ya paja, hauna cha kunyanyua. Kila Jumatatu huja getini kuulizia. Anaambiwa asubiri kidogo, faili liko kwa bosi. Hao wachochezi wanasema madai yana muda wake, miezi 12 tangu ajali. Siku 325 zimepita tangu ile ya 112. Zimebaki arobaini. Waswahili wana lao kuhusu siku arobaini, lakini mimi sikulitaja.

Ombi langu ni moja. Naomba maelekezo kwa maandishi, kwa wino: kesho asubuhi niandike 438, au 326? Hata 326 ni namba ya heshima, na wageni wanaweza kuipiga picha. Chaki ninayo.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye chaki
(vidole kumi, hadi leo)

Nakala:
1. Ubao wa getini.
2. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, pamoja na picha ya ukurasa wa daftari la vibarua wa siku ya 112, iliyopigwa kwa simu saa tisa alasiri, kabla ufutio haujapita.